Kona ya Mwamba na Vikombe vya Bi. Mbuni

Hapo zamani za kale, wanyama wa Kwatoni walipokuwa na nyumba zao, majiko yao na majirani wa kugombana nao, palikuwa na ada moja ya ajabu. Sogeeni karibu. Na wewe unayetafuna, tafuna kimyakimya.

Ada yenyewe ilikuwa hivi. Kila mwaka, mavuno yakishaingia ghalani, walifanya mashindano ya magari ya kukokotwa. Mshindi hakupewa taji wala zawadi. Alipewa neno. Neno moja tu juu ya barabara, na neno hilo lilifuatwa na kila mtu mpaka mashindano mengine.

Mwaka mmoja alishinda Twiga. Akasema, "Mageti yote ya barabarani yawe marefu kama mimi!" Basi mji mzima ukabomoa na kujenga upya. Mwaka uliofuata akashinda Kifaru. Akasema, "Tope lisifukiwe!" Ee! Watu walitembea na tope hadi magotini mwaka mzima, na Kifaru akigaagaa katikati ya njia huku anaimba.

Sasa, kwenye kona ya barabara hiyo palikuwa na mwamba, na ndani ya mwamba aliishi Bi. Pimbi na watoto wake saba. Mnamjua pimbi? Ni kama sungura aliyekatwa masikio. Hana hata mkia wa kufukuzia nzi. Lakini mdomo? Mdomo anao wa kugawia wengine!

Siku moja gari jipya la Kifaru likakwama pale konani. Gurudumu moja njiani, la pili juu ya mwamba. Krrrr! Rangi yote ikachubuka.

"Basi!" akanguruma Kifaru. "Mwaka huu nikishinda, neno langu liko tayari. Mwamba uvunjwe!"

"Hata mimi nikishinda neno langu ni hilohilo," akasema Twiga kutoka huko juu aliko. "Jiwe lenyewe baya, halina hata umbo."

Bi. Pimbi akachomoka pangoni, kijiko cha uji mkononi. "Jamani, majirani! Hii ni nyumba! Wanangu saba watalala wapi?"

"Hilo si neno la barabara," akasema Kifaru. "Hilo ni neno la nyumbani. Kalisemee nyumbani."

"Mwamba hauna kosa! Kosa ni la farasi mnaowafunga kwenye magari! Mnyama anayeijua kazi yake anapita hapa na magari mawili!"

"Wewe unajua nini habari za farasi, kijiti wewe?"

"Najua kuliko wewe! Na mwaka huu nashindana!"

Loo! Kifaru alicheka mpaka akakaa chini, puu! Twiga naye alicheka, ila kicheko chake kilichukua muda kufika mdomoni, kwa urefu wa ile shingo.

Bi. Pimbi akarudi ndani akafunga mlango. Hapo ndipo alipoanza kujuta, maana kuropoka ni rahisi, na watoto saba walikuwa wakimtazama.

Kesho yake asubuhi alikwenda kisimani kumtafuta Kihongwe.

Kihongwe alikuwa punda mfupi, mnene wa tumbo, mwenye rangi ya majivu. Kila siku alivuta kigari cha mitungi kutoka kisimani, akapita kona ya mwamba, akagawa maji nyumba hadi nyumba. Mwaka wa kumi huo, na hata tone halijawahi kumwagika.

"Kihongwe, ndugu yangu," akasema Bi. Pimbi, "wewe ndiye unayeifaa kona ile. Nataka nikufunge mimi."

"Nifunge basi," akasema Kihongwe. "Shida iko wapi?"

"Shida ni kwamba siku ya kuchagua wanyama wa kukokota, wakubwa wanachagua kwanza. Na jana, nikipita tu karibu na ua wa Kifaru..."

"Ukipita tu."

"Nikipita tu, na sikio likiwa limeegemea ukuta kidogo, nikamsikia mkewe akimwambia, 'Mume wangu, mchague Kihongwe. Ndiye anayetuletea maji na mtungi haumwagiki.' Akikuchukua Kifaru, nyumba yangu imekwisha."

Kihongwe akatikisa masikio. "Tufanyeje?"

"Wewe jifanye mgonjwa. Kohoa, lala, tia huruma. Mimi nitakusema vibaya kidogo ili wakuache."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo! Chumvi ya mboga tu."

"Sawa. Lakini Bi. Pimbi, mimi nina moyo. Usizidishe."

Siku ya kuchagua ikafika. Watu walijaa kwenye zizi la Saisi Nyani, yule mzee aliyekuwa akitunza wanyama wote wa kukokota magari. Nyani akajikuna, akakohoa, akaanza kuwatoa mmoja mmoja.

"Huyu ni Nuru, farasi wa Manga, huko Uarabuni. Tazameni shingo, upinde mtupu! Mkia juu! Anakimbia toka alfajiri mpaka adhuhuri na jasho halimtoki. Ila ana damu moto. Jani likigeuka upande asioujua, anaruka."

"Aaah!" watu wakasema.

"Huyu ni Gogo, ametoka nchi za baridi. Kwato sinia la pilau! Na haya manyoya ya miguuni, utadhani kavaa soksi. Mfunge kwenye nyumba, ataivuta pamoja na wageni. Ila akianza kugeuka asubuhi, atamaliza mchana, mwiteni mle naye."

"Oooh!" watu wakasema.

"Na yule wa michirizi?" Twiga akauliza.

"Pundamilia? Huyo kaja kusalimia tu. Hatamu haijapata kumkaa. Aliyejaribu mara ya mwisho ni babu yangu, ndiyo maana babu alikula uji mpaka anakufa."

Pundamilia akaonyesha meno yake yote. Watu wakarudi hatua tatu nyuma.

"Na wa mwisho ni Kihongwe, mnamjua..."

"Kwehe! Kwehe! Kwehee!" Kihongwe akakohoa. Akayumba kulia, akayumba kushoto, akaanguka, tifu! Ulimi ukatoka nje.

Kifaru akakunja uso. Macho yake hayaoni mbali, kwa hiyo akasogea mpaka pembe ikakaribia kumtoboa punda. "Mke wangu alinitajia huyu. Labda nimchukue hivyohivyo. Wanawake huwa wanajua mambo."

Moyo wa Bi. Pimbi ukafanya paa! Akarukia mbele.

"Mchukue, Mzee Kifaru! Nakusihi, mchukue! Ukimwacha ataniangukia mimi, na mimi sitaki kuzikwa na aibu. Tazama hili gunia la mifupa!"

Watu wakacheka.

"Masikio majani ya mgomba! Akilia, maziwa yanaganda kwenye kibuyu!"

Watu wakacheka zaidi. Enhe, wanangu, kuchekewa ni kitu kibaya. Mtu akichekewa hujisahau, na Bi. Pimbi alijisahau.

"Na harufu yake! Mimi nalala na watoto saba kwenye pango moja, lakini harufu kama hii, mama yangu! Akili yenyewe hana, anaijua njia moja ya maji basi, na hiyo kafundishwa na mitungi!"

Watu walikuwa wamelala chini kwa kicheko. Kihongwe akaacha kukohoa. Jicho lake moja likafunguka, likamtazama Bi. Pimbi, likafumba tena. Bi. Pimbi hakuliona.

"Halafu," akaendelea, sasa kwa sauti tamu, "Mzee Kifaru, mtu mzito kama wewe nyuma ya punda? Watu watauliza nani anamvuta mwenzake. Gogo ndiye wa hadhi yako! Na wewe Bwana Twiga, shingo yako na ya Nuru, si mmetoka tumbo moja?"

Twiga akamtazama Nuru, akaona shingo. Kifaru akamtazama Gogo, akaona unene. Na kila mmoja akapenda alichokiona, maana kilifanana naye.

"Namchukua Gogo!"

"Namchukua Nuru!"

"Ole wangu!" akalia Bi. Pimbi, akajifunika kanga usoni. Kanga ikatikisika, watu wakamwonea huruma. Kumbe mwenzao alikuwa anacheka.

Siku ya mashindano ikafika. Mwamuzi alikuwa Bi. Mbuni, na kanuni zake zilikuwa tatu. Kwanza, kupita mbele ya jukwaa kwa madaha. Pili, kuvuka mchanga wa korongo. Tatu, kona ya mwamba. Huko konani vilisimamishwa vijiti kumi na viwili, viwili viwili, na juu ya kila kijiti pakawekwa kikombe cha chai. Gari lipite katikati. Mshindi ni mwenye vikombe vizima vingi zaidi, na lazima afike kabla birika la Bi. Mbuni halijachemka. Kifuniko kikianza kuruka, taka-taka-taka, kazi imekwisha.

Na vikombe vyenyewe! Bi. Mbuni aliolewa mara tatu, na kila harusi ilimletea dazeni moja.

"Vya mume wa kwanza navitoa kwa Twiga," akatangaza. "Mume mwenyewe alikuwa mlevi, vikivunjika vivunjike. Vya mume wa pili kwa Kifaru. Alikuwa si mbaya. Lakini vya mume wa tatu," akamnyooshea Bi. Pimbi ukucha, "huyo bado ninaye, na nampenda. Utajua mwenyewe."

Birika likatiwa maji, likabandikwa jikoni. Twiga akapanda garini.

Mama yangu, Nuru alivyopita jukwaani! Kwato hazikugusa vumbi. Wasichana wa Kanga, yule ndege wa madoadoa, walipiga vigelegele mpaka mmoja akazirai. Mchanga wa korongo aliuruka kama haupo, papatu papatu papatu!

"Nimeshinda!" akapiga kelele Twiga. Alikuwa akiona mvua ya kesho huko milimani, ila gurudumu lake la leo hakuliona.

Konani jua likamulika kikombe kimoja, kikang'aa, meta! Nuru akaona kitu asichokijua.

"Hihihihiii!" Akaruka kushoto. Kacha! Akaruka kulia. Kacha! Kacha! Gari likarukaruka nyuma yake na Twiga akipepea juu. Kacha! Kacha! Kacha! Kacha!

Saba vimevunjika, vitano vizima. Birika lilikuwa bado kimya kabisa.

"Vitano si haba," akasema Bi. Mbuni, akifagia. "Ndoa yenyewe haikufika hata huko."

Maji mapya yakatiwa birikani, akaja Kifaru. Gogo akapita jukwaani, dum, dum, dum. Hakuna aliyepiga kigelegele, lakini jukwaa lilitetemeka. Kwenye mchanga, ambapo magurudumu yalizama nusu, Gogo hata hakujua kama kuna mchanga. Alivuta tu, kama mtu anayevuta shuka kitandani.

"Nguvu!" akanguruma Kifaru. "Nguvu ndiyo kila kitu!"

Kisha wakafika konani.

"Geuka, Gogo!"

Gogo akaanza kugeuka. Kichwa kikageuka, watu wakangoja. Mabega yakageuka. Wengine wakatoa mihogo wakala. Kiuno kikaja, na kilipokuja kikaja na vijiti, kacha, kacha, kacha! Gurudumu likapanda mwambani, krrrr! Gogo bado anageuka, na huko jikoni kifuniko kikaanza, taka-taka-taka-taka!

"Limechemka!" akasema Bi. Mbuni. "Basi, Mzee Kifaru. Vimebaki vinne, na hujafika."

Kifaru akashuka akiwa anafoka moshi.

Sasa zamu ya Bi. Pimbi. Watoto saba walikuwa wamejipanga juu ya mwamba, mmoja ameshika sufuria, mwingine mto, maana waliambiwa wawe tayari kuhama. Vikombe vya mume wa tatu vikawekwa, vyeupe, vyenye maua mekundu. Bi. Mbuni alivibusu kimoja kimoja.

Kihongwe akapita jukwaani. Hakuwa na madaha, lakini hakukohoa hata kidogo, na Nyani alikuwa amempaka mafuta kwatoni.

"Mbona kapona?" akauliza Kifaru.

"Nilikwambia mimi," akasema mkewe.

Kwenye mchanga Kihongwe hakuruka wala hakukaza. Alipita ukingoni, pale pagumu anapopita kila siku na mitungi. Na alipofika konani akaanza telki, ule mwendo wa punda wa hatua fupifupi za haraka, tiki-tiki-tiki-tiki, mgongo umetulia hata ungeweza kuweka kikombe cha kumi na tatu juu yake.

Jozi ya kwanza, pita! Ya pili, pita! Jua likamulika kikombe, meta! Kihongwe akapepesa jicho, pita! Ya nne! Ya tano! Watoto wakaanza kucheza juu ya mwamba, sufuria likalia ngwengwe!

Ikabaki jozi moja. Kihongwe akasimama.

Watoto wakaacha kucheza.

"Kihongwe," akanong'ona Bi. Pimbi. "Twende."

"Siendi."

"Una nini?"

"Gunia la mifupa litakwendaje?"

Huko jikoni birika likaanza kuimba, siiiii.

"Ndugu yangu, ule ulikuwa ujanja wetu! Tulikubaliana!"

"Tulikubaliana chumvi ya mboga. Wewe ulimwaga mfuko mzima. Nilipokuwa nimelala pale chini niliwasikia wateja wangu wa miaka kumi wakinicheka. Leo asubuhi mtoto wa Kanga kaziba pua nilipompelekea maji."

"Nisamehe! Nisamehe, nakuomba!"

"Mbona unanong'ona?" akauliza Kihongwe. "Kunitukana hukunong'ona."

Wanangu, hapo Bi. Pimbi alipata kazi. Akisema kwa sauti, Kifaru atasikia kwamba alidanganywa. Asiposema, birika litachemka. Akawatazama watoto wake. Yule mdogo kabisa alikuwa amekumbatia mto. Halafu akamtazama Kihongwe, akayaona yale macho yamelowa, na aibu ikamshika kweli, aibu ya moyoni, si ile ya kwenye kanga.

Akapanda juu ya kiti cha gari, akajaza kifua.

"Sikilizeni nyote! Kihongwe hakuwa mgonjwa! Nilidanganya! Hanuki! Masikio yake mazuri! Ana akili kuliko sisi wote, ndiyo maana niliogopa mtamchukua! Nilimtukana ili mmwache, nikanogewa na vicheko vyenu, nikazidisha! Kihongwe, mimi mbaya, wewe mwema, nisamehe mbele ya watu hawa wote!"

"Nini?!" akanguruma Kifaru. "Alinidanganya?!"

"Nilikwambia mimi," akasema mkewe.

Kihongwe akavuta pumzi ndefu. "Rudia ile ya masikio."

"Masikio yake mazuri sanaaa!"

Siiiii, likaimba birika, na kifuniko kikatikisika mara moja, ta...

Tiki-tiki-tiki, pita!

...ka-taka-taka-taka!

"Amefika!" akalia Bi. Mbuni. "Vikombe kumi na viwili! Vizima vyote! Mume wangu wee, njoo uone!"

Mji ukalipuka kwa shangwe. Watoto wakarusha mto juu. Pundamilia, ambaye hakuhusika kabisa, alikimbia kuzunguka watu mara nne kwa furaha. Ila Kifaru akaja mbele, amefura.

"Sikubali! Ni mdanganyifu, amekiri mwenyewe! Alinifanya nichague vibaya!"

Bi. Mbuni akashusha shingo mpaka wakatazamana. "Alikushika mdomo, Mzee Kifaru?"

"Hapana, lakini..."

"Nyani hakukwambia kwamba Gogo hageuki upesi?"

"Aliniambia, lakini..."

"Mkeo hakukwambia umchague nani?"

Kifaru akamgeukia mkewe. Mkewe alifungua mdomo, akaona haina haja, akaufunga.

"Basi kanuni ni kanuni. Bi. Pimbi, sema neno lako. Moja tu."

Watu wote walijua atakalosema. Mwamba usivunjwe, nini tena? Bi. Pimbi akafungua kinywa. Akaona Kihongwe anatazama chini, anasubiri kufunguliwa aende zake kisimani, kama kila siku.

Akafunga kinywa. Akafikiri. Jicho lake likametameta.

"Neno langu ni hili. Kila mpita njia akifika kwenye kona ya mwamba, amwamkie Kihongwe kwanza!"

"Ha!" Kifaru akaruka kwa furaha. "Kalipoteza neno! Kalipoteza kwa salamu! Leteni nyundo, mwamba haukutajwa!"

"Haukutajwa?" akauliza Bi. Pimbi kwa upole. "Basi uvunje, Mzee. Halafu utuonyeshe kona ya mwamba iko wapi, watu wapate kumwamkia Kihongwe."

Kifaru akapokea nyundo. Akatazama mwamba. Akatazama nyundo. Twiga, huko juu, alielewa dakika mbili baadaye, akaanza kucheka peke yake.

Bi. Mbuni akamimina chai. Kwa kuwa vikombe vilikuwa vizima, walikunywa palepale chini ya mwamba, na kikombe cha kwanza kilikuwa cha Kihongwe, sukari vijiko sita.

Na tangu kesho yake, kila asubuhi, Kifaru alipofika konani na gari lake lililochubuka, alisimama, akameza mate, akasema:

"Shikamoo, Kihongwe."

Na Kihongwe, akiwa amesimama hapo na mitungi yake, alimaliza kwanza kutafuna. Hakuwa na haraka.

"Marahaba, mwanangu."

Mimi nimewaachia hapo konani. Nanyi mkipita, mwamkieni, na mkumbuke: farasi huchaguliwa kwa kuitazama njia, si kwa kujitazama mwenyewe.